Sahani za Gio Ponti zarudi mezani kupitia Saint Laurent

Saint Laurent, nyumba ya mitindo ya Ufaransa inayojulikana kwa nguo na mikoba, imerudisha sokoni sahani za kauri zilizobuniwa na Gio Ponti, msanifu majengo wa Italia aliyefariki mwaka 1979. Zinatengenezwa na Ginori, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1735 karibu na mji wa Florence.

Ponti alizichora kwa ajili ya Villa Planchart, nyumba aliyoijenga juu ya kilima mjini Caracas, Venezuela, katika miaka ya 1950. Wenye nyumba, Anala na Armando Planchart, walimwachia kazi yote, kuanzia kuta hadi vyombo vya mezani. Ndiyo maana kwenye sahani kuna jua, mwezi na herufi A, inayoanza majina ya mke na mume.

Kiwanda hicho Ponti alikijua tangu ujana wake. Mwaka 1923 alifanywa mkurugenzi wa sanaa wa Richard-Ginori, kama kilivyoitwa wakati huo, na mwaka 1925 kazi zake zilipata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Paris. Aliamini kwamba kiwanda kinaweza kutoa vitu vingi bila kupoteza uzuri.

Urithi huo nusura upotee. Januari 2013 kiwanda kilitangazwa kimefilisika, na wafanyakazi wapatao 300 wakabaki bila kujua kesho yao. Mwaka huohuo Gucci ilikinunua kwa euro milioni 13. Leo Gucci, Saint Laurent na Ginori zote ni mali ya kundi moja la Ufaransa, Kering.

Mchoro unaweza kukaa kwenye makumbusho miaka mia. Ujuzi wa fundi hauhifadhiki hivyo. Kauri huchomwa kwa joto la juu sana, hunywea ikiwa ndani ya tanuri, na sahani iliyopinda hutupwa. Namna ya kuzuia hasara hiyo, kijana huifunza kwa fundi mzee, wakiwa kazini pamoja. Kiwanda kikifungwa, mafunzo hayo nayo hukoma.

Kuna upande mwingine. Zikiuzwa kwenye maduka ya anasa, sahani hizi zitafika kwenye meza chache, na wazo la Ponti la kutoa kwa wingi linabaki nyuma. Hata hivyo, bila wanunuzi hao matajiri, huenda tanuri za Ginori zingekuwa zimezimwa.