Nasaba Si Karatasi

Katika kila ukoo wetu yuko mzee mmoja ambaye ndiye daftari la watu wake. Mara nyingi huwa ni bibi. Ikija posa hatulii mpaka aulize: kijana huyu ni mtoto wa nani, mama yake ametoka nyumba ya nani, na je, hawakunyonya ziwa moja hawa wawili? Vijana wengi wa siku hizi huyacheka maulizo haya, wakayaona kuwa ni mambo ya kizee yasiyo na kazi tena katika zama za elimu. Lau wangejua khabari za watu walioyaacha maulizo hayo, na jinsi wanavyoyatafuta majibu yake leo kwa mali nyingi na kwa machozi, wasingecheka.

MANII YA KUNUNULIWA

Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, mume akiwa hana uwezo wa kuzaa, sheria humruhusu mkewe atiwe manii ya mtu mwingine ili apate mimba. Jambo hili si jipya. Katika mwaka 1884, katika mji wa Philadelphia, daktari aitwaye William Pancoast alimlaza mwanamke mmoja kwa dawa ya usingizi, akamtia manii ya mmoja wa wanafunzi wake wa udaktari. Mume aliambiwa baadaye, lakini mke hakuambiwa kabisa. Akazaa mtoto wa kiume, akamlea, wala asijue. Khabari hii haikutangazwa mpaka mwaka 1909, ilipoandikwa na mmoja wa walioshuhudia. Basi tazama, ndugu msomaji, kwamba jengo hili msingi wake wa kwanza ulikuwa ni siri.

Mwaka 1953 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa manii yaliyogandishwa kwa baridi kali yaliweza kutunga mimba. Tangu hapo yakawa kitu cha kuwekwa akiba. Leo ziko benki za manii, ambazo huyahifadhi katika hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huyapeleka kwa wanunuzi hata katika nchi za mbali.

Mnunuzi huletewa daftari la watoaji. Hakuna jina, pana nambari tu. Lakini chini ya nambari ile pameandikwa mengi: urefu wa mtu, uzito wake, rangi ya macho na nywele, masomo aliyosoma, kazi afanyayo na michezo aipendayo. Benki nyingine huongeza picha yake ya utotoni, hati ya mkono wake na sauti yake. Kisha hufuata khabari za maradhi ya jamaa zake: je, baba alikuwa na ugonjwa wa moyo? Mama ana kisukari? Babu na bibi walikufa kwa maradhi gani na wakiwa na umri gani? Yuko katika ndugu aliyepatwa na wazimu?

Tutue hapa tuzingatie. Watu hawa husema kwamba baba ni yule aleaye tu, na kwamba damu haina maana. Lakini kwa kalamu yao wenyewe wameandika maulizo yaleyale ya bibi yetu. Wamekiri kwamba mtoto hatoki katika manii matupu, bali hutoka katika ukoo, na kwamba babu aliyekufa zamani ana neno lake katika mwili wa mjukuu. Walichofanya ni kuuondoa ukoo, kisha wakaweka karatasi mahali pake. Basi tuangalie karatasi hiyo imefanya kazi gani.

KARATASI INAPODANGANYA

Katika jimbo la Georgia, huko Marekani, palikuwa na mtoaji mmoja aliyesifiwa sana katika daftari. Iliandikwa kwamba ana akili zisizo za kawaida, kwamba anasomea shahada ya juu kabisa ya elimu, na kwamba afya yake na ya jamaa zake ni njema. Wanawake wengi wakamchagua, na watoto waliozaliwa kwa manii yake wakapita 30. Mwaka 2014 benki ilikosea katika barua, jina lake likajulikana kwa baadhi ya wazazi. Walipomtafuta walikuta kwamba aliacha chuo kabla ya kumaliza, amewahi kufungwa kwa wizi, na amewahi kupimwa na madaktari akaonekana ana maradhi makubwa ya akili ambayo huweza kurithiwa. Wazazi walidai mahkamani kwamba benki haikumchunguza ipasavyo, bali ilimsadiki kwa aliyoyaandika mwenyewe. Kesi hiyo ilifika hadi Mahkama ya juu kabisa ya Georgia, ambayo mwaka 2020 iliamua kwamba baadhi ya madai ya wazazi yana haki ya kusikilizwa.

Sisi hatumtukani mtu kwa maradhi, kwani maradhi ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, na mgonjwa wa akili ana haki ya kuoa na kuheshimiwa. Tunachosema ni hiki: katika ukoo, mtu hawezi kujiandikia sifa zake peke yake. Wako shangazi, wako majirani, wako waliosoma naye chuoni. Posa yetu haisadiki maneno ya mposaji mwenyewe, huuliza watu. Lakini nambari haina jirani wa kuulizwa.

KARATASI INAPOSEMA KWELI ISITOSHE

La pili ni zito zaidi, kwa sababu hapa hakuna aliyedanganya. Mwezi wa Mei 2025, katika mkutano wa wataalamu wa elimu ya urithi wa mwili uliofanyika Milan, mtaalamu Edwige Kasper wa hospitali ya chuo kikuu cha Rouen, Ufaransa, alieleza khabari ya mtoaji mmoja ambaye manii yake yaligawanywa katika nchi nyingi za Ulaya. Mtu huyo mwenyewe alikuwa mzima. Lakini alikuwa na kasoro katika jeni moja iitwayo TP53, ambayo ni kama mlinzi wa mwili dhidi ya saratani. Kasoro hiyo ilikuwa haijulikani, na vipimo vya mwaka 2008, alipotoa manii, havikuweza kuigundua.

Watoto waliofuatiliwa hadi siku ile walikuwa 67, katika nyumba 46 na nchi 8. Katika hao, 23 walikutwa wana kasoro ile, na 10 walikwisha kupatwa na saratani. Khabari ilianza kujulikana pale wazazi wasiojuana walipowapeleka watoto wao wagonjwa kwa madaktari wa miji mbalimbali. Mtoto aliyerithi kasoro hii hupaswa kuchunguzwa mara kwa mara umri wake wote, ili ugonjwa ukitokea ukamatwe mapema. Kwa hiyo kumpata kila ndugu kwa haraka lilikuwa ni jambo la uhai na mauti.

Tuwe waadilifu. Hata baba wa halali anaweza kuwa na kasoro kama hiyo asijue. Nasaba haizuii maradhi. Lakini mtoto mmoja akiugua katika ukoo, khabari hufika kwa ami na mjomba siku ileile, nao huja kumzuru na kuulizana. Watoto 67 waliotawanyika katika nchi 8 hawana baraza la kukutana, wala hawana msiba wa pamoja. Karatasi iliandikwa siku moja, ikafungwa, hali mwili wa mwanadamu haufungwi siku ile. Aliye mzima akiwa na miaka 25 huweza kuugua akiwa na 50, na ukoo hujua, lakini daftari halijui.

Serikali nyingine zimekwisha kuona kosa hili. Sweden ilitoa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1985, ikimpa mtoto wa namna hii haki ya kumjua mtoaji akishapata umri wa kupambanua. Uingereza iliondoa siri hiyo kwa watoaji wa kuanzia Aprili 2005, na mtoto akifika miaka 18 huweza kulipata jina. Nchi hiyo pia imeweka mpaka kwamba mtoaji mmoja asizidi nyumba 10 ndani ya mipaka yake. Wanarudi polepole, kwa njia ndefu, mahali ambapo sisi tulianzia.

SHERIA YETU INASEMAJE

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratil Furqan, aya ya 54, kwamba amemuumba mwanadamu kwa maji, akamjaalia nasaba na ukwe. Na katika Suratil Ahzab ameamrisha watoto waitwe kwa baba zao, kwani hilo ndilo la uadilifu zaidi mbele yake. Kwa amri hiyo Zaid (r.a.), aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad kwa mapenzi ya Mtume (S.A.W.) kwake, alirudishiwa jina la baba yake Haritha. Mapenzi hayakupungua hata kidogo, lakini ukweli wa nasaba ulihifadhiwa.

Tena katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu wa jangwani alimwendea Mtume (S.A.W.) akimshuku mkewe kwa kuwa amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza juu ya ngamia wake, ni wa rangi gani. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama yumo wa kijivu, akasema yumo. Akamuuliza, huyo ametoka wapi? Yule bwana akajibu kwamba huenda ni mshipa wa asili uliomvuta. Mtume akamfahamisha kwamba na mwanawe huenda ni hivyo hivyo. Basi mababu wa mbali wana fungu lao ndani yetu, na jambo hili lilifundishwa Madina karne nyingi kabla ya kujulikana neno jeni.

Ama hukumu ya manii ya mgeni, Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, akiwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa tarehe 23 Machi 1980, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu likaamua mambo kama hayo huko Amman mwaka 1986. Muhtasari wake ni kuwa matibabu ya kutunga mimba, hata nje ya mwili, yanajuzu kwa haja baina ya mume na mke walio katika ndoa, kwa manii yake yeye na yai lake yeye. Mtu wa tatu akiingia, kwa manii, kwa yai au kwa tumbo, ni haramu. Wanazuoni wa Kishia wamekhitilafiana, na wako miongoni mwao walioruhusu baadhi ya namna hizo kwa masharti.

Mtoto aliyekwisha kuzaliwa hivyo hana dhambi yoyote. Aibu isimguse, wala asiitwe kwa jina baya.

NA SISI JE?

Sasa tujigeukie wenyewe, maana ni rahisi kuhesabu makosa ya wengine. Sisi tuna nasaba, lakini je, tunaitekelezea haki yake? Wako kwetu wanaoweza kuhesabu mababu saba bila ya kukosea, lakini hawawezi kusema hata mmoja katika hao alikufa kwa maradhi gani. Ukiuliza huambiwa, ni ajali yake ilifika. Kweli, ajali ilifika, lakini ilifika kwa sababu.

Tuchukue mfano wa selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Ugonjwa huu umeenea katika Afrika ya Mashariki, na uko Oman na pande nyingine za Bara Arabu. Mume na mke wote wawili huweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja ameubeba bila ya kuugua. Wakioana, katika kila mimba mna fungu moja katika manne mtoto azaliwe mgonjwa. Pengine katika ukoo wa mume palikuwa na mtoto aliyekufa akilia mifupa, ikasemwa ni jicho. Katika ukoo wa mke palikuwa na mwingine, ikasemwa ni kijicho cha mke mwenza. Wakati wa posa hakuna aliyesema, kwa kuogopa posa isivunjike. Je, kuna tofauti gani baina ya nyumba iliyoficha hivi na benki iliyouza nambari? Sisi tumekuwa na watu wa kuulizwa, tukawafunga midomo.

Saudi Arabia iliwalazimisha wachumba kupimwa damu kwa ugonjwa huu tangu mwaka 2004. Kupima si kumkosa imani Mwenyezi Mungu, kama vile kufunga ngamia kulivyokuwa si kuacha kutawakali.

Kwa hivyo, enyi vijana, fanyeni haya. Kaeni na bibi na babu kabla hawajaondoka, mwaulize na kuandika: nani alikufa kwa nini, na akiwa na umri gani. Kabla ya nikahi pimeni damu, nyote wawili, na mwambiane kweli kwa adabu. Na nyinyi wazee, msione kuwa ni aibu. Khabari ya ugonjwa katika ukoo ni amana ya wajukuu.

Kwa wasiojaaliwa watoto tunasema: msitazamane kwa lawama. Madaktari wamethibitisha kwamba katika karibu nusu ya nyumba zisizopata mtoto, mume naye ana sehemu katika sababu, hali kwetu hulaumiwa mke peke yake. Nendeni mkatibiwe wote wawili. Na ikiwa haikuandikwa, mlango wa kulea yatima uko wazi, na mleaji yatima ameahidiwa ujirani wa Mtume (S.A.W.) Peponi. Mleeni kwa mapenzi yote, mkimwachia jina la baba yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, na atujaalie kuusema ukweli majumbani mwetu kabla haujahitajika hospitalini. Amin.