FOMU ZA INTANETI: NI NANI AKAGUAYE?

Siku hizi askari wengi hujaza fomu katika simu au kompyuta: za kuomba kozi, za benki, za pensheni. Mtu akikosea tarehe yake ya kuzaliwa, maandishi mekundu hutokea papo hapo kumwonya, naye huamini kwamba fomu hiyo inalindwa vyema. Tumeona yafaa tuwaeleze wapiganaji wenzetu kwamba onyo hilo si ulinzi hata kidogo.

Fomu ya intaneti huweza kuwa na wakaguzi wawili, nao hukaa mbalimbali. Wa kwanza ni programu ndogo iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Programu hiyo husafiri pamoja na ukurasa hadi katika simu ya mjazaji, ikafanya kazi humo humo. Wa pili haondoki kambini. Hukaa katika seva, yaani kompyuta ya wenye tovuti, naye huandikwa kwa lugha kama PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka huo huo wa 1995. Mjazaji haoni maagizo yake. Huona majibu tu.

Ubora wa yule wa kwanza ni wepesi. Katika miaka ya 1990 intaneti ilipita katika waya wa simu, polepole mno, na kila kosa lililazimika kwenda hadi kwenye seva na kurudi. Katika vituo vya mbali vyenye mtandao hafifu, kusahihishwa papo hapo bado ni nafuu kubwa.

Lakini huyu ni mkaguzi aliyekabidhiwa kwa yule yule anayekaguliwa. Ni sawa na kumpa mgeni langoni amri za zamu na kumwambia ajipekue mwenyewe. Mwenye nia mbaya ataizima JavaScript, au ataiacha fomu kabisa na kupeleka ujumbe wake moja kwa moja kwenye seva kwa programu nyingine. Na hapa mafundi wengi hujisahau. Yamewahi kuwapo maduka ya intaneti yaliyoficha bei ya bidhaa ndani ya fomu. Wajanja wakaibadilisha, seva ikaipokea bila kuuliza.

La hatari zaidi, seva ikilichukua jina lililojazwa na kulipachika ndani ya amri ya kufungua daftari la kumbukumbu, mhalifu huandika amri yake mahali pa jina, na daftari humfungukia. Hila hii imejulikana hadharani tangu mwaka 1998. Hebu fikirini daftari hilo likiwa na namba za askari, vyeo vyao na majina ya watoto wao! Dawa yake imo katika seva peke yake: jina lipokewe kama jina, kamwe lisichanganywe na amri.

Basi afande anayeletewa fomu mpya ya kikosi asiridhike na maandishi mekundu. Amwamuru fundi aipelekee seva, bila kupitia ukurasa, tarehe yenye mwezi wa 13. Seva ikiikubali, fomu irudishwe karakana.