Dhahabu ya Marehemu Mama: Tuiuze ao Tuiweke?



Kisha kilio cha mama yake, dada mmoja wa kanisa alinijia na kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa mkufu, hereni mbili na pete. Watoto wake walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. Akauliza, "Pasta, niuze ao niweke?" Nikamwuliza, "Ni vya nani?"

Wengi wanaliruka swali hilo. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya 1987 na iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wote, binti sawa na kijana. Robo tatu ni yao, kwa mafungu sawa. Robo inayobaki inawahusu mwenzi aliyebaki, wazazi na ndugu za marehemu. Basi mjomba akisema binti hawarithi, msomeeni Hesabu 27: mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki.

Wengine walimwambia dada avitupe mtoni, eti vitu vya maiti vina roho. Ni kweli Yakobo alizika hereni chini ya mwaloni (Mwanzo 35:4), lakini zilitolewa pamoja na miungu migeni. Hirizi tunachoma. Hereni ambazo mama alizivaa akienda ibadani si hirizi. Israeli walitoa hereni zao zikawa ndama (Kutoka 32). Kisha walitoa tena dhahabu yao, ikajenga hema ya Bwana (Kutoka 35). Kosa halikuwa ndani ya dhahabu.

Sasa, kama mnauza. Hapa Salamabila kila mtoto anajua mizani ya negosia, lakini pambo si dhahabu ya mchanga inayotoka Namoya. Tafuteni alama ndogo: 750 maana yake ni karati 18, sehemu 750 za dhahabu katika 1000. Gramu 10 za pambo hilo zina gramu 7.5 tu za dhahabu safi. Mengine yanang'aa na ndani ni shaba; tone la asidi linaonyesha. Negosia analipa uzito, halipi kazi ya sonara wala machozi yenu. Msiende jioni mkiwa na deni mkononi. Nendeni wawili, mwone mizani ikisimama kwenye sifuri, mwulize bei kwa wanunuzi watatu.

Na kuweka si ujinga. Sisi tumekimbia vita mara ngapi? Kitanda kinabaki, mbuzi wanabaki, lakini pete mama anaifunga katika pindo la kitenge. Ila ikijulikana kwamba iko nyumbani, wezi nao watajua. (Na wale wanaokataza mapambo kwa 1 Petro 3: kuweka katika sanduku si kuvaa.)

Dada aliwaita kaka zake wawili. Waliuza mkufu, na watoto wakarudi masomoni kabla ya mitihani. Hereni zimebaki kwake kwa mapatano ya wote. Juu ya pete, kaka mkubwa bado anataka iuzwe. Watakuja kwangu Jumamosi, kisha maombi.