Nafsi Tisa na Mashine Moja: Hisabati katika Kichekesho cha Futurama

Filamu za katuni huhesabiwa mara nyingi kuwa burudani ya watoto, zisizostahili uhakiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake kwa kuchambua sehemu moja ya mfululizo wa Marekani uitwao Futurama. Sehemu hiyo ni "The Prisoner of Benda", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Agosti 2010. Hoja yetu ni kwamba kichekesho hiki, ijapokuwa kimejaa upuuzi, kimesimama juu ya uthibitisho halisi wa kihisabati.

Futurama, mfululizo uliobuniwa na Matt Groening na kuanza kuonyeshwa mwaka 1999, unamhusu Fry, kijana mpeleka piza wa New York aliyegandishwa na kuzinduka miaka 1000 baadaye. Wenzake kazini ni pamoja na Leela, nahodha mwenye jicho moja, Bender, roboti mwizi, Zoidberg, daktari mwenye makucha kama ya kaa, Amy, mwanafunzi, na mzee Profesa Farnsworth.

Profesa na Amy wanaunda mashine ya kubadilishana miili. Mzee anatamani ujana. Amy anataka mwili utakaomruhusu kula apendavyo. Baada ya kubadilishana wanagundua sharti zito: miili miwili iliyokwisha kupitishwa pamoja haiwezi kupitishwa pamoja tena. Hapo wengine nao wanaingia, kila mmoja kwa tamaa yake. Bender anataka kuiba taji la Kaizari wa roboti. Leela anauvaa mwili wa Profesa ili kumpima Fry kama anampenda yeye au sura yake. Mwishowe nafsi tisa zimepotea njia, mojawapo ikiwa ya ndoo ya kusafishia. Jina la sehemu hii linachezea lile la riwaya ya Anthony Hope, "The Prisoner of Zenda" (1894), ambamo mgeni anashika nafasi ya mfalme anayefanana naye.

Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Je, haya yanazoleka? Mwandishi wa mswada, Ken Keeler, ana shahada ya udaktari katika hisabati tumizi kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Alithibitisha kwamba, hata nafsi zichanganyike namna gani, na hata wahusika wawe wengi kiasi gani, watu wawili tu ambao hawajapita mashineni wanatosha kuirudisha kila nafsi kwake. Katika hadithi, wawili hao ni Clyde na Tate, wachezaji wa mpira wa kikapu ambao pia ni wanasayansi.

Tuchukue mfano wa Fry na Zoidberg, ambao kila mmoja yumo katika mwili wa mwenziwe. Kwanza, mwili wa Fry unapitishwa pamoja na wa Clyde: nafsi ya Zoidberg inahamia kwa Clyde. Pili, mwili wa Zoidberg na wa Tate: nafsi ya Fry inahamia kwa Tate. Tatu, mwili wa Clyde na wa Zoidberg: nafsi ya Zoidberg inafika kwake. Nne, mwili wa Tate na wa Fry: Fry naye amerudi. Hakuna jozi iliyorudiwa. Sasa Clyde na Tate ndio waliobadilishana. Lakini, kwa kuwa wao wawili hawajapitishwa pamoja, badiliko moja lingewatosha. Katika filamu hata hilo halihitajiki. Nafsi saba zilizosalia zinafanya mzunguko mmoja, na kuufungua kwa mabadiliko 9 kunawarudisha wasaidizi pia. Jumla ni mabadiliko 13.

Dosari ya kazi hii ni kwamba uthibitisho unaonekana ubaoni kwa muda mfupi mno. Mtazamaji anacheka bila kufahamu alichokiona. Hata hivyo msuko wake ni imara. Sharti lile lile linalozaa vurugu ndilo linaloifanya suluhu iwe ya lazima. Lingeondolewa, kicheko na hoja vingeanguka pamoja.

Jambo hili si geni katika fasihi simulizi yetu. Fumbo la mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani linachekesha wasikilizaji, huku likiwadai ufumbuzi uliopimwa hatua kwa hatua. Nchini Kongo hisabati ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kifaransa, na wapo wanaodhani kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuibeba. Hatua nne tulizozieleza hapo juu hazikuhitaji neno lolote la kuazima kutoka Kifaransa. Kinachohitajika ni walimu wa lugha na walimu wa sayansi waketi pamoja, waiandike hoja nzima, si istilahi pekee.