Kwa Nini Simu Ile Inatutisha

Katika filamu ya When a Stranger Calls, iliyoongozwa na Fred Walton mwaka 1979, dakika ishirini hivi za mwanzo zinatosha kuwa somo kamili la taharuki. Jill Johnson, anayeigizwa na Carol Kane, ni msichana anayelipwa kuwaangalia watoto wa daktari wakati wazazi wametoka jioni. Watoto wamelala ghorofani. Simu inalia, na sauti ya mwanamume inamuuliza kama amekwenda kuwatazama. Inakatwa, kisha inalia tena, na swali ni lile lile. Polisi wanamwomba amzungumzishe mtu huyo ili wapate kujua anapiga kutoka wapi. Majibu yanapokuja, simu zinatoka ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Kisa hiki kilikuwa kikisimuliwa na vijana wa Marekani tangu miaka ya 1960, na si Walton aliyekuwa wa kwanza kukitumia. Mwaka 1974 Bob Clark alitoa Black Christmas, ambamo muuaji anawapigia simu wanafunzi wa kike wa chuo akiwa amejificha darini mwao. Siri ni moja, lakini ufundi wa kuisimulia ni tofauti kabisa. Clark anatuonyesha tangu mwanzo mtu akipanda na kuingia darini. Wasichana hawajui, sisi tunajua, na kila mmoja anapopanda ngazi tunatamani kumpigia kelele. Hiyo ndiyo taharuki aliyoitetea Alfred Hitchcock kwa mfano wake wa bomu chini ya meza: watazamaji wakiambiwa mapema kwamba lipo, mazungumzo ya kawaida kabisa mezani yanakuwa mateso.

Walton anatunyima habari hiyo. Mwanzoni kamera haimwachi Jill, nasi tunajua anachojua yeye tu. Hofu inajengwa kwa mlio wa simu unaopasua ukimya, na kwa nyumba ambayo si yake, asiyoizoea sauti zake. Anafunga milango akiamini hatari iko nje. Ukweli unapofichuka, yote tuliyoyaona yanageuka maana: kila komeo aliloliweka lilikuwa likimfungia ndani pamoja na muuaji. Mshtuko mtupu huisha mara moja. Huu unaturudisha nyuma tuyatazame upya matendo yake yote.

Hata hivyo, ufundi huo usingefika mbali kama Jill angekuwa peke yake. Angeweza kuchukua koti lake na kuondoka tangu simu ya pili. Kinachomzuia ni watoto. Amekabidhiwa amana, na mpigaji anaigusa hapo hapo: hamtishi kwa kisu, anamuuliza kuhusu kazi aliyopewa. Swali lake ni shutuma, kwa sababu Jill hajapanda kuwatazama. Baadaye tunajua kwamba watoto walikuwa wameshauawa, na hapo uzito wa swali lile unatuangukia sisi pia.

Baada ya hapo filamu inalegea. Miaka inapita, na kisa kinamfuata muuaji, Curt Duncan, akitangatanga mjini huku mpelelezi John Clifford akimsaka. Sasa tunamwona mtu mwenyewe, mpweke na dhaifu, wala hakuna aliyekabidhiwa kitu. Hofu inarudi mwishoni tu, Jill akiwa ameolewa na ana watoto wake, anapoitwa kwenye simu mgahawani na kusikia sauti ile ile. Simon West alipoitengeneza upya mwaka 2006, aliuvuta mkasa wa usiku ule mmoja hadi ukajaza karibu filamu nzima. Nyumba ikawa ya kifahari zaidi, lakini woga haukuongezeka.

Waandishi wengi wa filamu za kusisimua huanza kwa kumbuni muuaji: sura yake, silaha yake, wazimu wake. Filamu hii inafundisha njia bora zaidi. Amua kwanza mhusika wako amekabidhiwa nini ambacho hawezi kukiacha akakimbia. Ukishalipata hilo, hata mlio wa simu utamtia mtazamaji baridi.