Kuijua Nafsi na Kuubeba Mzigo Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuyajua yaliyofichika vifuani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi, na naiusia nafsi yangu, kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, lipo neno lililozoeleka sana katika ndimi zetu. Mtu hukabidhiwa mali ya yatima akaila, na akiulizwa husema: "Shetani amenipitia." Mume humtamkia mkewe talaka kwa hasira, na kesho yake huja kwa shekhe na neno hilo hilo. Kijana akionekana katika ulevi, wazee wake husema ni marafiki waliompoteza. Na mwanafunzi aliyeiba katika mtihani hujitetea kuwa wenzake wote walifanya vile vile. Kila mmoja anakiri kuwa kosa limetendeka, lakini hapana anayekubali kuwa yeye ndiye aliyelitenda. Basi leo na tutazame udhuru huu una uzito gani mbele ya Mwenyezi Mungu.

Qurani Tukufu inatusimulia katika Suratul Aaraf makosa mawili. Iblisi aliamrishwa kusujudu akakataa. Na alipohukumiwa hakujuta, bali alimtupia lawama Mola wake, akadai kuwa Yeye ndiye aliyempoteza. Nabii Adam (A.S.) na mkewe nao walikosea, wakala katika mti waliokatazwa. Wao walikuwa na la kusema kuliko sisi, kwani Iblisi aliwaapia kuwa anawapa nasaha njema. Lakini katika dua yao, iliyotajwa katika aya ya 23, hawakumtaja Iblisi hata kidogo. Walikiri kuwa wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha na rehema. Wao toba yao ilikubaliwa. Yule mwenye kulaumu alifukuzwa. Basi kila mmoja wetu anapokosea huwa amesimama katika njia panda hiyo: ama aifuate kauli ya baba yake Adam, ama aifuate kauli ya adui yake.

Na katika Suratu Ibrahim, aya ya 22, tunaelezwa atakayoyasema Shetani mwenyewe hukumu itakapokwisha kupitishwa. Atawaambia wafuasi wake kuwa hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Aliwaita tu, nao wakaitika. Basi wasimlaumu yeye, wazilaumu nafsi zao. Ndugu zangu, yule tunayemtwika makosa yetu leo ndiye atakayetukana hadharani Siku ya Kiama. Shetani hupiga hodi. Mlango tunaufungua wenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kuokoka hana budi kumjua huyu afunguaye mlango, nayo ni nafsi. Wanavyuoni wameeleza kuwa nafsi ya mtu ni moja, ila ina hali tatu zilizotajwa katika Qurani. Ya kwanza ni nafsi yenye kuamrisha sana maovu, iliyotajwa katika Suratu Yusuf. Ya pili ni nafsi yenye kujilaumu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Suratul Qiyama. Ya tatu ni nafsi iliyotua, inayoitwa kwa upole mwishoni mwa Suratul Fajr irejee kwa Mola wake. Mtu anaweza kupita katika hali hizi kwa siku moja. Asubuhi anapunja mizani, mchana anajuta, usiku anarejesha haki ya watu na moyo wake unatulia. Basi asikate tamaa mwenye kuona nafsi yake inamlaumu. Lawama hiyo ni dalili ya uhai. Wa kuhofiwa ni yule anayekosea kisha akalala usingizi mzuri.

Wako wanaodhani kwamba kuishinda nafsi ni kuyaua matamanio yake yote. Sivyo. Watu watatu walikwenda nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) kuuliza juu ya ibada yake. Mmoja akaazimia kusali usiku wote daima, wa pili kufunga kila siku, wa tatu kutooa kabisa. Mtume (S.A.W.) aliwakataza, akawafahamisha kuwa yeye hufunga na hula, husali na hulala, na huoa. Matamanio ni kama upepo katika tanga: bila ya upepo chombo hakiendi, na bila ya usukani upepo huo huo hukipeleka mwambani. Pupa ya mali huwa chumo la halali, hasira huwa ushujaa wa kutetea haki, na shahawa huwa ndoa na kizazi chema. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye nguvu si mwangushaji watu katika mieleka, bali ni mwenye kuimiliki nafsi yake anapoghadhibika.

Basi vipi mtu ataijua nafsi yake? Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, sawa na mwaka 1111, ameieleza njia hiyo katika kitabu chake Ihyau Ulumid-Din. Ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unawekeana naye masharti, mchana kutwa unamwangalia, na usiku unakaa naye kufanya hesabu. Rasilimali ni faradhi, faida ni sunna na mambo ya kheri, na hasara ni maasi. Ikionekana hasara, mshirika huyo anakemewa na kutakiwa alipe. Wala Imam huyu hakuwaandikia wengine tu. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad. Alipoipekua nia yake aliona kuwa kilichokuwa kikimsukuma kufundisha ni kutafuta cheo na sifa, akauacha wadhifa ule. Angalieni: hesabu yake haikugundua wizi wala zinaa, imegundua ugonjwa ndani ya amali njema.

Sisi nasi tunaweza, kila baada ya sala ya Isha, kabla ya kulala, kujiuliza mambo matatu: Leo nimeacha faradhi gani? Nimemdhulumu nani kwa mkono au kwa ulimi? Na lile jema nililolitenda, nimelitenda kwa ajili ya nani?

Hesabu hiyo lazima izae kitendo. Imepokewa kutoka kwa Aslam, mtumishi wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), kuwa usiku mmoja walitoka nje ya Madina wakamkuta mwanamke na watoto wanalia kwa njaa, naye amebandika sufuria ya maji ili kuwaliwaza mpaka walale. Umar alirudi mbio mpaka ghalani, akatoa unga na mafuta. Aslam akataka kuuchukua mzigo ule. Umar alimuuliza kama ataweza pia kumbebea mzigo wake Siku ya Kiama. Kisha akautwika mgongoni mwake mwenyewe, akaenda, akawapikia mpaka wakashiba. Huyo ni Khalifa wa Waislamu. Hakuwalaumu watumishi wake.

Enyi Waislamu, kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga: baba juu ya nyumba yake, mama juu ya watoto, mwanafunzi juu ya elimu na wakati wake. Na Imam an-Nawawi ametaja sharti za toba: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na likiwa linahusu haki ya mtu, haki hiyo irudishwe. Basi mwenye amana ya watu, asingoje Ijumaa nyingine. Aliyemkosea mkewe au mzazi wake, amwendee leo na amwambie: nimekosa mimi. Maneno hayo ni mazito ulimini, lakini ni mepesi kuliko mzigo wa Kiama.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe aibu za nafsi zetu kabla hazijafichuka mbele ya viumbe Vyako. Tupe nguvu ya kukiri, na utukubalie toba kama ulivyomkubalia baba yetu Adam. Amin. Wabillahi tawfiq.