Mguu wa Mpiga Ngoma

Zamani mpiga ngoma wa ukumbi wa michezo huko Marekani, aliyetakiwa kuipiga ngoma kubwa pamoja na ndogo, hakuwa na budi kuziweka karibu na kuzigawia fimbo zile zile mbili, naye tajiri wa ukumbi akiona raha kulipa ujira wa mtu mmoja kwa kazi ya wawili. Vikanyagio vya kuipigia ngoma kubwa kwa mguu vilikuwako, lakini vilikuwa vizito kurudi, na ragtaimu, muziki uliotamalaki Chicago wakati ule, haukumngoja mtu.

Dhiki hiyo ilimpata William F. Ludwig, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Chicago utotoni. Naye mnamo 1908, alipokosa madukani chombo cha kuutii mguu wake, akajichongea cha mbao, kifupi, cha kukaa sakafuni, ambacho kirungu chake kilikwenda masafa mafupi tu kabla ya kuigusa ngozi, na kwa hiyo kikawahi kurudi pigo la pili lisijafika. Siri yote ndiyo hiyo, nami nasadiki kwamba fundi asiyepiga ngoma asingeing'amua, maana kasoro ile haikuonekana kwa macho, bali ilihisiwa na kifundo cha mguu. Ama kukigeuza kuwa bidhaa ya chuma kulihitaji ilimu nyingine, aliyokuwa nayo shemeji yake, Robert Danly, mhandisi; na mwaka 1909 William na nduguye Theobald wakafungua Ludwig & Ludwig.

Theobald alifariki mwaka 1918 katika maradhi ya homa ya mafua yaliyoenea duniani. Biashara iliendelea kustawi, lakini riziki yake ilitegemea riziki ya wapigaji, na sinema zenye sauti zilipoingia mwaka 1927, kumbi zikawaachisha kazi wanamuziki wao, na nani anunue ngoma? Kiwanda kikauzwa kwa Conn, kampuni ya ala za muziki, kikahamishiwa Elkhart, jimbo la Indiana, na katika mauzo hayo likaenda hata jina, hasara ambayo kwa rai yangu ilipita ya mashine zote; kwani Ludwig alipoanza upya mwaka 1937, akikaribia miaka sitini, sheria ilimruhusu kuandika juu ya ngoma zake herufi tatu tu, WFL.

Jina alilinunua tena mwaka 1955. Februari 1964 lilisomeka juu ya ngoma kubwa ya Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles, bendi hiyo ilipopiga katika televisheni ya Marekani, na maagizo yakamiminika hata kiwanda kikafanya kazi usiku na mchana.